Linki za vituko vya chakula kwenye grupu: namna ya kutuma kitu watu wakacheka kweli

Grupu lina watu 140. Wamo wauza dagaa wa mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, mama lishe wawili watatu, wanafunzi wa Nyegezi, shangazi aliyeko Ukerewe na jamaa waliohamia Dar es Salaam. Saa 11 na dakika 40 alfajiri inaingia linki tupu: mstari mrefu wa herufi na alama, hauna picha wala neno, na chini yake vikaragosi sita vinavyolia kwa kicheko. Hakuna anayeifungua. Kufika saa 2 asubuhi aliyetuma ameanza kulalamika kwamba siku hizi grupu limepoa.

Grupu halijapoa, ni linki iliyoletwa mbichi. Kuiandaa hadi ifae kutumwa kunachukua dakika tatu hadi tano, na kazi yote hiyo ni ya mtumaji. Hatua zilizo hapa tumeziandika kwa WhatsApp kwa sababu ndiko watu wengi waliko, ingawa karibu zote zinafaa Telegram na kwingineko.

Itazame hadi mwisho, na sauti ikiwa juu

Kosa linaloongoza ni kutuma baada ya kuona sekunde kumi za mwanzo. Klipu za chakula zina tabia ya kugeuka. Unaanza na mpishi anayechekesha kwa kitunguu, unamalizia na matusi ya nguoni, au tangazo la kamari, au mtu nusu uchi aliyebandikwa mwishoni ili klipu isambae. Ukiwa umeitazama bila sauti ndiyo hatari zaidi, maana shangazi atafungua spika ikiwa imepanda, mbele ya wageni.

Ukimaliza kutazama, soma maoni kama kumi ya juu chini ya video. Hapo ndipo watu wanapoumbua uongo, na mara nyingi hapo ndipo kichekesho chenyewe kilipo. Kisha angalia kama linki haijawahi kutumwa: fungua maelezo ya grupu, ingia kwenye orodha ya midia, linki na nyaraka, halafu sehemu ya linki. Zimepangwa kwa tarehe. Nusu dakika inatosha kukuepusha na lile jibu la "hiyo ilishapita hapa tangu mwezi jana".

Video za kuharibu chakula zina hesabu yake. Mtu wa mbali anavunja mayai 300 barabarani ili apate watazamaji. Kwao ni kituko. Kwa mama anayekaanga chipsi mayai pale Buzuruga, mayai 300 ni trei 10, na anajua bei ya trei kuliko wewe. Hatacheka. Video ya chakula kinachomwagika kwa bahati mbaya inachekesha karibu kila mahali. Ya kumwaga kwa makusudi iache.

Kata mkia

Linki nyingi hutoka kwenye programu zikiwa na mkia, yaani alama ya kuuliza na kila kinachoifuata. Mkia huo haumsaidii chochote anayefungua. Kazi yake ni kuiambia kampuni linki imepitia kwa nani, na kuirefusha hadi ionekane kama ya kitapeli.

Kwa YouTube, nakili linki na uibandike pale unapoandika ujumbe. Utaona youtu.be, mkwaju (/), kisha alama 11 za herufi na tarakimu, kisha ?si= na mlolongo mwingine. Futa kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho. Zile 11 usiziguse, ndizo utambulisho wa video, na ukiondoa hata moja linki haifunguki.

Kama kituko kiko katikati, usiwalazimishe watu wasubiri. Tuseme kiko kwenye dakika ya 1 na sekunde 35. Igeuze iwe sekunde: 60 na 35 ni 95. Mwishoni mwa linki fupi ongeza ?t=95. Kama linki ni ile ndefu yenye watch?v=, tayari ina alama ya kuuliza, kwa hiyo unaongeza &t=95. Wengi huweka alama ya kuuliza mara ya pili, video inaanzia mwanzo, halafu wanalaumu mtandao. Rudisha pia sekunde tano nyuma ya kituko. Mtu anahitaji kuona sufuria kabla haijapinduka.

TikTok hutoa linki fupi inayoanza na vm au vt. Ukitaka iwe safi, ifungue kwenye kivinjari, subiri igeuke kuwa ndefu, kisha nakili hadi kabla ya alama ya kuuliza. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo: linki inayotoka moja kwa moja kwenye programu inaweza kumwonyesha anayeifungua akaunti yako wewe uliyeituma. Kama akaunti yako ya TikTok hutaki mkwe aijue, kata mkia, na pia zima kwenye mipangilio ya faragha ile sehemu ya kupendekezwa kwa watu mnaotumiana linki. Instagram mkia wake huanza na ?igsh= nao unakatwa vilevile.

Facebook ndiyo inayosumbua kuliko zote. Video iliyowekwa ndani ya kundi lililofungwa, au na mtu aliyeruhusu marafiki tu, wewe unaiona lakini wenzako wataambiwa maudhui hayapatikani. Kipimo ni kimoja: fungua linki kwenye dirisha la faragha la kivinjari, mahali ambapo hujaingia kwa akaunti yoyote. Ikifunguka hapo, itafunguka kwa shangazi. Isipofunguka, achana nayo au tafuta video hiyohiyo kwingine.

Subiri picha itokee

Ukishabandika linki, usibonyeze kutuma papo hapo. Simu yako ndiyo inayokwenda kuchukua kichwa cha habari na picha ndogo ya kava, kisha inavituma pamoja na ujumbe. Inataka sekunde mbili tatu, na kwenye mtandao dhaifu hata kumi. Ukituma kabla, watu 140 wanapata mstari mtupu.

Picha ikigoma kutokea, kwa kawaida sababu ni moja kati ya hizi: mtandao wako umelegea, linki imekatika mahali (imeingia nafasi katikati), https:// ya mwanzo imefutika, au ukurasa wenyewe hauna picha. Ukiwa na uhakika linki inafunguka, futa herufi moja ya mwisho uirudishe. Mara nyingi simu hujaribu upya.

Linki iwe kwenye mstari wake peke yake, chini ya maneno. Usiifunge kwa nukta wala mabano, kwa sababu baadhi ya simu huchukua ile nukta kama sehemu ya linki na ukurasa unakataa.

Mstari wa mbele ndio kazi yenyewe

Hapa ndipo tunashauri mtu atumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Linki ya wastani yenye mstari mzuri hufunguliwa, na nzuri iliyoachwa bila mstari hupitwa. Mstari unatakiwa useme mambo matatu, yote kwa maneno yasiyozidi ishirini: ni nini, ni ndefu kiasi gani, na inamgusa nani hapa grupuni. Jambo la nne ni kutosema mwisho wake.

Mifano ya vituko vilivyotokea kweli ndiyo rahisi kufanyia mazoezi, maana havihitaji kuhakikiwa kila mara.

Mwaka 2019 msanii Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe wa gundi kwenye maonesho ya Miami. Novemba 2024 kazi hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 6.2, na mnunuzi, Justin Sun, akaimenya akaila mbele ya waandishi wa habari. Ukituma hiyo na neno "Duh!" umeipoteza. Andika hivi:

"Ndizi MOJA, dola milioni 6.2. Na aliyeinunua subirini muone alivyoifanya. Watu wa Bukoba mnaitwa huku haraka. Dk 2."

Umetaja kituko, umeficha mwisho, umeita kundi la watu ambao hawatakaa kimya, na umesema muda. Wahaya wataanza kuhesabu mikungu, wengine watawajibu, na jioni imekamilika.

Kwa Aprili Mosi kuna kichekesho kikongwe: tarehe 1 Aprili 1957 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi mtini. Baadhi ya watazamaji walipiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Mstari wake: "Mavuno ya tambi, Uswisi, 1957. BBC hao, si mimi. Mwenye shamba Magu aangalie kama udongo wetu unafaa." Uzuri wake ni kwamba anayeamini na asiyeamini wote wanacheka, kila mmoja kwa wakati wake. Ila ukiona mtu ameamini moja kwa moja, mwambie ukweli siku hiyohiyo.

Mnigeria Hilda Baci alipika mfululizo mwezi Mei 2023, na Guinness World Records wakathibitisha saa 93 na dakika 11, rekodi ya dunia kwa wakati huo. "Saa 93 jikoni. Mama lishe wa Makoroboi, hii si ndiyo wiki yenu ya kawaida?" Hapo unawasifia wenyeji kwa mgongo wa rekodi ya dunia, na mama lishe ndio watakaoisambaza.

Kule Gloucestershire, Uingereza, watu hukimbiza jibini linaloviringishwa kutoka juu ya kilima cha Cooper's Hill, wakabiringika nalo hadi chini. Kwa mji wa mawe kama wetu mstari unajiandika: "Tukianzisha yetu tuteremshe nini, na kutoka kilima gani? Msiseme Bugando, hospitali iko juu, majeruhi itabidi wapandishwe."

Umeona kinachorudiarudia? Kila mstari una swali au mwito kwa watu fulani. Linki inayouliza kitu inajibiwa. Ugomvi wa dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma, kwa mfano, hauna mwisho wala mshindi, kwa hiyo video yoyote ya dagaa inaweza kuwashwa kwa kibiriti hicho: wa Kigoma watasema wa kwetu wana mchanga kwa sababu huanikwa chini, wa kwetu watasema mchanga ni wa wasiojua kuosha. Usitumie kibiriti hicho kila wiki, lakini. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Vikaragosi weka kimoja au viwili. Ukicheka wewe kwanza mara sita, unamwachia nani acheke?

Linki au video yenyewe?

Fanya hesabu kabla ya kupakia video nzima. Klipu ya MB 12 ikiingia kwenye grupu la watu 140 ambao simu zao zinapakua zenyewe, jumla ni MB 1,680, yaani karibu GB 1.7 za mabando ya watu ambao hawakuomba. Linki yenye picha ya kava inakula kilobaiti chache, na anayelipa zaidi ni yule tu aliyeamua kufungua.

Upande wa pili, linki nayo ina gharama zake. YouTube kwa ubora wa 360p hula takriban MB 4 hadi 6 kwa dakika. Kwa 720p inaweza kufika MB 12 hadi 20. TikTok ukifungua moja inakuletea ya pili na ya tatu kabla hujatoka. Asiye na programu hiyo anapelekwa kwenye kivinjari na kuombwa ajisajili. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: klipu iliyo chini ya nusu dakika na chini ya MB 3, tuma yenyewe, inayozidi hapo, tuma linki na uandike muda. Kama wengi wako visiwani, Ukara au Kome, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama upepo wa ziwani, skrinshoti moja ya kile kituko na maelezo mafupi inafaa kuliko vyote viwili. Mwenye kitochi hapati lolote kati ya hayo, msimulie tu mkikutana.

Wakumbushe wenzako pia kuzima upakuaji: kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama ya video chini ya matumizi ya data ya simu. Wengi hawajui kama kitu hicho kipo, wanadhani bando linaibwa.

Saa ya kutuma nayo ina wenyewe. Asubuhi mwaloni watu wako kwenye mizani na hakuna wa kucheka nawe. Saa 6 hadi saa 8 mchana mama lishe ana mikono ya unga. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku ndiyo saa ya vituko. Kwa grupu lenye wavuvi wa dagaa, angalia na mwezi: kipindi cha giza wako majini usiku kucha na taa zao, linki itawasubiri hadi mchana wakiamka; mbalamwezi ikikolea wako nchi kavu, wana muda, na wao ndio wachekeshaji wakubwa. Tuma mzigo wako mzuri siku hizo.

Samaki wa kutengenezwa na habari za uongo

Siku hizi vituko vingi vya chakula vimetengenezwa na akili mnemba. Kama vimesemwa hivyo, hakuna ubaya. Tatizo ni pale vinapokuja kama habari.

Kwa samaki wa ziwa letu mna faida ambayo watu wa mbali hawana, maana mnawajua kwa macho. Sangara wa kweli ana mkia wa duara, mapezi mawili mgongoni, na jicho jeusi lenye mzingo wa njano unaong'aa. Sato ana pezi moja refu la mgongoni lenye miiba, na mistari ya wima kwenye mkia. Video ikikuonyesha "sangara" mwenye mkia uliogawanyika kama wa jodari, mashine haijawahi kufika Kirumba. Vivyo hivyo uzito: sangara huweza kufikia mita 2 na kilo 200, naye huyo ni wa nadra. Ukisikia kilo 900, huo ni uzito wa ng'ombe wawili. Angalia pia vidole vya anayeshika samaki na maandishi kwenye magunia ya nyuma. Mashine hukosea hapo wakati mwingine, herufi zinakuwa kama mbegu zilizomwagika.

Kwa picha, tumia utafutaji wa Google Lens: bonyeza picha bila kuachia, chagua kutafuta kwa picha, uone imetokea wapi na lini kwa mara ya kwanza. Kwa video, piga skrinshoti ya sekunde yenye mandhari wazi (bango, namba za gari, jengo) utafute hiyo.

Zile zinazoitwa za kuchekesha lakini zinatia watu hofu ndizo za kuogopa. Mfano ni mchele wa plastiki. Video za watu wanafinyanga wali kuwa tonge na kulidundisha kama mpira zimezunguka Afrika nzima. Wali wa kawaida ukifinyangwa vizuri hudunda kwa sababu ya wanga wake, jaribu mwenyewe na wali wa jana. Nigeria, Desemba 2016, forodha walikamata magunia wakitangaza ni plastiki; vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa vikaonyesha si plastiki, ingawa mchele huo ulikuwa na bakteria kupita kiasi. Ukituma klipu ya namna hii kwa kucheka, ndani ya saa moja itakuwa imehamia grupu lingine bila kicheko chako, na muuza mchele wa jirani ndiye atakayekosa wateja. Kama ni lazima uitume, mstari wa mbele uanze na neno UONGO kwa herufi kubwa, kisha maelezo.

Jambo la kuangalia ni mishale. Ujumbe uliopelekwa mbele hubeba mshale mmoja. Ukishapita kwenye mikono mitano au zaidi hubeba miwili, na tangu Aprili 2020 WhatsApp inauruhusu uende kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Mishale miwili maana yake kila mtu ameshaiona, au ni uzushi. Kwa vyovyote si mali ya kukimbilia.

Linki za "umejishindia mafuta ya kupikia"

Hizi huvaa nguo za chakula: kuku wa bure, sukari kilo 25, mafuta lita 20 kwa sababu kampuni inasherehekea miaka kadhaa. Jibu maswali matatu, kisha tuma kwa marafiki 15. Zawadi haipo. Kinachotafutwa ni namba yako, na baadaye fedha zako.

Kusoma jina la tovuti kunajifunzwa mara moja tu. Anzia baada ya https://, nenda hadi mkwaju wa kwanza, simama, kisha soma kurudi nyuma. Kwenye mgahawa.co.tz.zawadi-leo.xyz/kuku mkwaju uko kabla ya "kuku", na ukirudi nyuma unakutana na xyz, kisha zawadi-leo. Huyo ndiye mwenye tovuti. Yale maneno mgahawa.co.tz yaliyowekwa mbele ni kofia tu, kila mtu anaweza kuivaa. Linki iliyofupishwa ambayo haionyeshi inakokwenda, kwenye mambo ya zawadi, usiifungue kabisa.

Ukiikuta grupuni, usiijibu kwa kuinukuu, maana unaipandisha tena juu. Mwambie admini aifute kwa wote, kisha andika mstari mmoja kwamba ni utapeli. Namba inayotuma meseji za kitapeli inaripotiwa kwa kuituma kwenda 15040.

Utani una wenyewe

Watani wakitaniana kwa chakula, wao wanajua mpaka uko wapi. Msukuma akichekwa kwa michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na mtani wake, anacheka na kurudisha. Akichekwa na mgeni aliyeingia grupuni juzi, ni tusi. Kama hujui kama wewe ni mtani, basi si mtani. Mzaha unaokwenda salama ni ule unaoanzia kwenye sahani yako mwenyewe.

Grupu lenye dini mbalimbali lina mambo machache ya kuzingatia. Video ya kitimoto isemwe kwenye mstari wa mbele ili asiyetaka apite. Mwezi wa Ramadhani, vituko vya chakula vingoje baada ya futari. Kumtumia mtu sato wa kukaanga anayechuruzika mafuta saa 9 mchana ni uchokozi. Kukiwa na msiba grupuni, kaa kimya hadi admini au wafiwa wenyewe warudishe mazungumzo ya kawaida.

Klipu uliyorekodi mwenyewe kibandani kwa mtu ni habari nyingine. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na umwonyeshe kabla ya kutuma. Kuandika kwa mzaha kwamba kibanda fulani kinauza nyama ya punda si mzaha tena likitajwa jina. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa anayojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu, kutukana au kupotosha umma, na faini yake ilipotungwa ilianzia shilingi milioni 5, au kifungo kuanzia miaka 3, au vyote.

Ukishakosea

Maneno yaliyokosewa unaweza kuyahariri ndani ya dakika 15. Ujumbe mzima unaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku 2 na saa 12 hivi. Angalia unachobonyeza: ukichagua kujifutia peke yako, wewe huuoni tena ila wengine 139 wanauona. Ikitokea hivyo una sekunde kama tano za kubonyeza kutengua pale chini. Zikipita, mkimbilie admini, yeye anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote.

Baada ya kufuta andika sababu fupi: "Nimefuta, mwisho wake una matusi, samahanini." Ukifuta bila maelezo unawasha udadisi, na wale walioiona watawatumia wasioiona kwa siri.

Kwa admini

Usiandike sheria kumi na mbili, hazisomwi. Tatu zinatosha kwenye maelezo ya grupu: linki iwe na mstari wa mbele, zawadi za bure marufuku, msiba ukitangazwa vituko vinasimama. Ubandike juu ujumbe mmoja mzuri wa mfano kwa siku 7 ili wapya waone umbo lake. Ijumaa jioni weka kura ya linki bora ya wiki, yenye majina matatu au manne yasiyozidi hapo, na mshindi aanze Jumamosi kwa linki yake.

Mtu mmoja akituma linki zaidi ya tatu kwa siku, mfuate inboksi. Ukimkaripia mbele ya watu atanyamaza moja kwa moja, na mara nyingi huyo ndiye mwenye macho ya kuona vituko. Amezidisha kipimo tu.

Weka pia daftari la zilizofanya vizuri, iwe kwenye ujumbe wa kujitumia mwenyewe au karatasi ya kawaida. Video hufutwa, akaunti hufungwa, na linki ya mwaka jana ikifunguliwa leo inaleta ukurasa mweupe. Kwa hiyo usihifadhi linki peke yake. Andika jina la video kama lilivyo, jina la chaneli, urefu wake kwa dakika na sekunde, na tarehe uliyoiona. Kwa vitu hivyo vinne mtu ataipata tena hata ikiwa imehamia kwingine.